Tabata au Lushoto? Tulinganishe kabla hujafunga mizigo

Huu ni mwaka wa pili tangu tushushe mizigo Lushoto, mji mdogo wa milimani mkoani Tanga, tukitokea Tabata, Dar es Salaam. Haipiti wiki sijapigiwa simu na ndugu au rafiki anayeuliza lilelile: "Huko maisha nafuu, siyo? Na sisi tuje?" Simjibu ndiyo wala hapana. Namuuliza kwanza, pesa yako itatoka wapi? Akisema "nitajua hukohuko", namsihi asubiri. Akisema ana kazi au mradi unaomlipa kutoka nje ya mji huu, hapo ndipo tunaanza kuongea habari za nyumba, shule na baridi.

Naanza na hilo kwa sababu nyumba yetu ilikuja huku na vipato viwili. Kimoja kilisimama imara, kingine kikaanguka, mwezi uleule na mji uleule.

Pesa inatoka wapi

Mimi ni mhasibu. Wateja wangu ni maduka ya vipuri na kampuni ndogo za Dar zinazonikabidhi vitabu vyao niwatengenezee hesabu na kuwasilisha ritani, yaani fomu za kodi, kwa mamlaka ya mapato, TRA. Tarehe 7 ya kila mwezi ni ya PAYE, kodi ya mishahara, tarehe 20 ni ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na zote zinakwenda kwa mtandao. Mteja wa Gerezani hana shida nimekaa wapi, ilimradi ritani imeingia kabla ya tarehe. Tulipohama nilikuwa na wateja kumi na mmoja. Wawili waliniacha, maana walizoea nifike dukani kwao na kukaa nao; tisa wakabaki. Pesa ya Dar ikawa inatumika kwa bei za Lushoto, na unafuu wetu wote umetoka hapo. Kabichi ya bei poa imechangia kidogo sana.

Mke wangu ni fundi cherehani. Tabata alikuwa na fremu, vyerehani viwili na msichana wa kumsaidia, na kazi zilikuwa hazikauki: sare za sendofu, sare za harusi, nguo za ubatizo, magauni ya vitenge ya akina mama wa kikoba. Alipofungua fremu hapa, mwezi wa kwanza alishona sketi mbili na kupunguza suruali za watu. Nilimkuta jioni moja ameinamia cherehani amekizima, anachambua vipande vya vitambaa kwa rangi, vyekundu huku, vya bluu kule, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Si kwamba watu hawa hawavai. Pesa yao inafuata mashamba. Viazi vikitoka, pesa ipo. Karoti na hoho zikishuka Dar kwa malori, pesa ipo. Gulio likichangamka, pesa ipo. Katikati ya hapo mji mzima unasubiri. Mama mmoja alileta kitenge mwezi wa pili, akalipa nusu, akasema atamalizia viazi vikitoka. Mwezi wa saba akaja kweli, akamaliza deni na sado mbili za viazi juu yake. Mwaminifu kabisa. Lakini kodi ya fremu haikuwa imesubiri mpaka mwezi wa saba.

Ukiyaweka pembeni kwa pembeni, Dar ina wateja wengi na mafundi wengi, ushindani unauma, lakini pesa inaingia kila siku, hata iwe ndogo. Mji mdogo una wateja wachache na mafundi wachache, ukifahamika umefahamika, ila pesa inakuja kwa msimu. Mwenye biashara ya kuuza leo na kula leo ataumia mwaka wa kwanza. Mwenye akiba ya miezi sita ya kodi na chakula, pamoja na uvumilivu, anaweza kuvuka mpaka aijue kalenda ya mahali.

Mke wangu ameijua sasa. Kuanzia mwezi wa kumi anakata sare za shule, kwa sababu shule zikifunguliwa Januari kila mzazi anazitaka kwa wakati mmoja. Pia kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapa mjini. Wanachuo wa sheria wanataka suruali na sketi nyeusi, na pesa yao inatoka nyumbani kwao, haitoki shambani. Mwaka wa kwanza alipata kama theluthi ya alichokuwa anapata Tabata. Mwaka huu amevuka nusu. Bado si Tabata, naye analisema waziwazi, na mimi nimejifunza kutomjibu kwa habari za hewa safi.

Kazi za mshahara ni hadithi fupi. Mji kama huu una halmashauri, shule, hospitali, mahakama, benki, mashirika ya dini na hoteli chache za wageni. Nafasi hazifunguki kila siku. Mwajiriwa wa serikali anayehama kwa uhamisho wa kazi yuko salama kuliko sisi sote, maana mshahara wake unamfuata popote.

Kufanya kazi kwa mtandao ukiwa mlimani

Mtandao upo na unafanya kazi. Tatizo ni siku ambayo haupo. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wetu wa kwanza, mvua za vuli zimekolea, mti uliangukia nyaya za umeme asubuhi ya tarehe 20. Saa nane mchana simu imekufa, kompyuta imebakiwa na moto kidogo, na nina ritani mbili sijazituma. Nikapanda Noah kwenda Mombo, chini ya mlima, begi la kompyuta nimelikumbatia kifuani, kona baada ya kona na ukungu umeshuka mpaka dereva anawasha taa mchana. Nilizituma saa nne usiku nikiwa kwenye korido ya gesti, nimechomeka chaja kwenye soketi ya televisheni.

Tangu siku ile kazi zangu zinaisha tarehe 17. Nina laini za kampuni mbili tofauti, kwa sababu mnara mmoja ukizima mwingine huenda unafanya kazi, na nina betri yenye inveta inayonipa saa tano. Dar nayo inakatika umeme, tena ule mgawo wa mwishoni mwa 2023 kila mtu anaukumbuka. Tofauti ni kwamba Tabata ukikatika nyumbani unahamia mjini, au kwa rafiki wa Kinondoni mwenye jenereta. Huku, pa kuhamia ni kilomita zipatazo 33 za mteremko.

Siku yako ina saa ngapi

Hapa mji mdogo unashinda, tena kwa mbali. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na saa kumi na mbili asubuhi utaapa kwamba wote wamekutana kwenye Barabara ya Mandela. Wakati nilipokuwa bado nimeajiriwa maeneo ya Posta, katikati ya jiji, nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa mbili za kwenda, saa mbili za kurudi, siku tano: saa ishirini kwa wiki nimesimama, nimeshika bomba la daladala. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, ulipoanza 2016 uliwasaidia watu wa Kimara. Sisi wa Tabata tuliendelea na foleni yetu, na Jangwani, kwenye njia ya mabasi hayo, ikijaa maji hata hao wa Kimara walikuwa wanarudi kwenye foleni.

Lakini kilichonihamisha ni mwanangu. Alikuwa darasa la pili, anapandishwa basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza, anasinzia na begi lake mgongoni. Jioni anashuka saa kumi na mbili, anakula huku macho yamefumba. Siku moja nilimvua viatu akiwa amelala kwenye kochi, nikakuta soksi zimeloa jasho, na nikagundua sijaongea na mtoto huyu tangu Jumapili. Hapa anatembea dakika ishirini kwenda shule na wenzake. Saa tisa yuko nyumbani, saa kumi yuko kwenye miti ya watu akitafuta mapeasi.

Mji mdogo nao una namna yake ya kula muda. Gari haliondoki mpaka lijae. Kifaa kidogo cha friji kinaagizwa Dar, kinakuja na basi kesho yake kama mtumaji hakusahau. Ukienda ofisini kwa mhuri, unaambiwa mhusika yuko safarini, njoo Jumatatu. Dar ukikosa huduma sehemu moja unavuka barabara unaipata. Huku unasubiri, na mtu mwenye haraka ya asili atapata shida ya roho.

Bei: kinachoshuka na kinachopanda

Kodi imeshuka sana. Tabata tulilipa 350,000 kwa mwezi, vyumba viwili na sebule, miezi sita mkononi pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Hapa tunalipa 130,000 kwa vyumba vitatu na kibanda cha jiko nje, miezi mitatu mitatu, na nyumba tulioneshwa na mwalimu wa shule bila dalali. Nauli za kila siku zimekufa zenyewe. Zimekufa pia zile hela ndogondogo za njiani, chipsi na juisi na maji ya chupa, ambazo mtu hazihesabu mpaka zimalizike.

Mboga ndiyo hatuzungumzi. Viazi, karoti, kabichi, njegere, hoho na saladi vinalimwa kwenye miteremko unayoiona kutoka dirishani, na mapeasi na plamsi yakiiva yanauzwa kwa ndoo. Hata hivyo, unafuu huu una mtu anayeulipia. Nikipita penye maghala ya mboga nikaona gunia la kabichi limefungwa lumbesa, limevimba juu kama limebeba gunia jingine, najua kuna mkulima aliyelipwa bei ya gunia moja. Kwa hiyo sibishani sana bei na akina mama wa fungu.

Vinavyopanda ni samaki wabichi, nazi, mtungi wa gesi, vipuri vya kila aina, na dawa zisizo za kawaida. Ongeza makoti, masweta na mablanketi ya watu wazima na watoto, gharama ambayo Tabata haikuwahi kuwepo. Ongeza na safari za Dar. Sisi tulipiga hesabu ya kodi na mboga tukasahau nauli za kurudi misibani, harusini na kliniki. Ukiacha kodi, kinachookolewa kila mwezi kinaweza kumezwa chote na safari moja ya watu wanne.

Nyumba, baridi na kiwanja

Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mombo unatokwa jasho. Ukifika Soni unaanza kutafuta sweta kwenye begi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuufanya mahali pa kupumzikia joto la pwani, na ukija Januari utawaelewa. Ukija Juni au Julai utaelewa jambo jingine.

Tuliipenda nyumba yetu mwezi wa kwanza, jua linawaka. Hatukujua kwamba imejengwa kwenye kivuli cha mlima, na kwamba kuanzia mwezi wa sita jua lingekuwa linaigusa saa mbili tu kwa siku. Sare ya shule ikifuliwa Ijumaa inavaliwa Jumatatu ingali na ubichi kwenye kola. Nguo za kabatini ziliota kuvu. Kwa hiyo ukikagua nyumba huku, usiulize vyumba vingapi kwanza. Simama uani uulize jua linapita wapi. Gusa kuta za nyuma ya kitanda kwa kiganja. Angalia mfereji wa maji ya mvua umeelekezwa wapi, maana huku kila nyumba iko chini ya nyumba nyingine.

Na neno moja zito: usiingize jiko la mkaa chumbani usiku ukafunga dirisha ili upate joto. Mkaa unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Wageni kutoka pwani ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu baridi imewashika na hawajui. Pasha chumba, kisha toa jiko nje kabla ya kulala.

Maji yetu yanatiririka kutoka mlimani, na kwa miezi mingi ni afadhali kuliko Tabata, ambako tulikuwa tunanunua ya maboza kila mgawo ukibana. Mvua kubwa ikinyesha yanakuja na rangi ya chai ya maziwa. Tunayatuliza kwenye pipa na kuyachemsha.

Kuhusu kiwanja, ushauri wangu ni mmoja: usinunue mwaka wa kwanza. Milima hii ina watu wengi na ardhi kidogo, na sehemu kubwa ni ya ukoo. Anayekuuzia anaweza kuwa na kaka wanne na shangazi wawili ambao hujawaona. Ardhi iliyo chini ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na Halmashauri ya Kijiji lazima ihusike. Karatasi iliyosainiwa sebuleni mbele ya mashahidi wawili haitoshi kukulinda. Kilichopimwa mjini, kithibitishe halmashauri. Halafu kitembelee wakati wa masika, mvua inanyesha, uone kama kiwanja hicho ni cha kujenga au ni njia ya maji.

Hospitali

Hapa nitasema polepole, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyana.

Lushoto kuna hospitali ya wilaya. Uzazi wa kawaida, homa, majeraha na vipimo vya kila siku vinapatikana, na foleni ya asubuhi si ya kutisha. Mwanangu mdogo alipovunjika mkono tulihudumiwa ndani ya saa mbili. Tatizo linaanza pale unapohitaji bingwa. Hapo unazungumzia Bombo iliyoko Tanga, KCMC iliyoko Moshi, au Muhimbili. Kila moja ni safari ya saa kadhaa, ikianza na zile kona za kushuka Mombo.

Mama yangu ana sukari na presha, na macho yake yanafuatiliwa Muhimbili kila baada ya miezi mitatu. Tukiwa Tabata alikuwa anakwenda na bajaji, saa saba mchana amerudi. Kutoka hapa ni siku moja ya safari, usiku kwa dada yangu, siku ya kliniki, usiku mwingine, siku ya kurudi. Mzee wa miaka sabini na miwili. Safari ya pili alishuka kwenye gari miguu imevimba, akakaa kwenye benchi la stendi akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sikuomba mlima." Sasa anakaa kwa dada Dar miezi minane ya mwaka na anakuja kwetu msimu wa joto. Tumepata hewa safi, wajukuu wamempoteza bibi wa kila siku. Hilo halikuwepo kwenye hesabu yetu ya mwanzo, na ningependa liwepo kwenye yako.

Dawa nazo. Mara moja dawa yake ya presha iliisha Jumamosi, na maduka matatu ya dawa hapa mjini hayakuwa nayo. Ilikuja na basi kutoka Dar, imefungwa kwenye bahasha, tukaipokea Jumapili jioni. Tangu hapo tunanunua ya miezi mitatu kwa pamoja. Kama una bima, uliza kwa jina ni vituo gani vya wilaya vinavyoipokea kabla hujahama.

Mwenye mgonjwa wa kusafishwa damu, mwenye matibabu ya mionzi ya saratani pale Ocean Road, au mtoto anayeonwa na bingwa kila mwezi, mimi namwambia asihame. Kama foleni imemchosha, atafute nyumba karibu na hospitali hukohuko mjini.

Shule, kwa kifupi

Shule za serikali ni bila ada kote, Dar na huku. Tofauti ni uchaguzi. Dar una shule binafsi za kila kiwango mtaani kwako. Mji mdogo una chache, na ukigombana na moja huna pa kuhamia ila bweni. Walimu wa masomo ya ziada jioni ni wachache. Kwa mtoto wa msingi naona huku ni bora, kwa sababu amelala na amecheza. Wa kidato cha tatu na nne anayetaka sayansi, kagua maabara na walimu wa fizikia na hesabu kwanza, kwa macho yako.

Majirani

Siku ya tatu baada ya kufika, bibi wa nyumba ya juu alishuka na mzigo mdogo wa kuni kichwani na viazi kwenye kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Naona moshi hautoki kwenu. Kuni hamna?"

"Tuna gesi, bibi."

Akatutazama kwa huruma. "Gesi mtaiota vipi?"

Akawasha moto jikoni kwetu yeye mwenyewe, akapanga viazi pembeni ya majivu, akakaa mpaka vikaiva. Tabata tuliishi miaka sita ukuta kwa ukuta na familia moja, na jina la baba yao nililijua siku ya msiba wake.

Lakini usidhani ukaribu huu ni wa bure. Unalipwa kwa kuhudhuria. Mwaka wa kwanza kulikuwa na mazishi mtaani, tarehe 20, nikatuma rambirambi kwa simu kama tulivyozoea Dar, nikaendelea na kazi. Kwa wiki kadhaa salamu zikawa fupi. Mzee mmoja ndiye aliyeniita pembeni akaniambia, "Kijana, pesa haichimbi kaburi." Sasa nikisikia msiba nafunga kompyuta, nachukua jembe. Kama kazi yako haikupi nafasi ya kufunga na kuondoka saa hiyohiyo, jiulize kama utaweza kuwa jirani wa mji mdogo.

Utajulikana pia. Ulichonunua sokoni kinajulikana, mgeni aliyelala kwako anajulikana. Kwa familia kama yetu hilo ni ulinzi. Watoto wangu hawawezi kupotea hata wakitaka. Kwa dada anayeishi peke yake, mambo ni mengine. Rafiki wa mke wangu alikuja akakaa miezi mitano, akarudi Dar, si kwa ajili ya kazi bali kwa kuchoka kuulizwa mume yuko wapi. Dar mtu anaweza kuumia bila mtu kujua, na anaweza pia kupumua bila mtu kumhoji. Kila mmoja ajue lipi linamfaa.

Lugha si kikwazo, Kiswahili kinatosha kila mahali. Ila ukijifunza kusalimia Kisambaa, hata "onga mshi" tu ya mchana, utaona nyuso za gulioni zinavyofunguka.

Mji mdogo upi sasa?

Watu husema "mji mdogo" kana kwamba yote ni mmoja. Chukua barabara yetu hii tu. Korogwe na Mombo ziko kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Moshi na Arusha. Mabasi yanapita mchana na usiku, kwa hiyo anayeuza chakula, vipuri, matunda au vyumba vya kulala ana wateja wasiotegemea mavuno ya hapo, na akitaka kwenda hospitali kubwa gari anaipata dakika yoyote. Lakini kuna joto, na kuna mbu. Malaria inapungua kadiri unavyopanda mlima. Watafiti wameipima tofauti hiyo kwa miaka mingi kati ya tambarare ya Korogwe na vijiji vya Usambara.

Lushoto iko juu, haipitwi na mtu anayekwenda kwingine mbali. Anayefika amekusudia kufika. Ni kimya, kuna ubaridi, kuna msitu wa Magamba juu ya vichwa vyetu, na barabara moja ya lami ambayo mvua ikizidi huangukiwa na mawe na udongo. Kama biashara yako inahitaji wapita njia, kaa chini. Kama kazi yako ni ya kompyuta, ya uandishi, ya ufugaji wa nyuki au ya kilimo cha mboga, panda. Mke wangu anaamini, na nadhani ana haki, kwamba fremu yake ingekuwa Korogwe isingemlaza njaa mwaka ule.

Kabla hujakodi lori

Njoo mara mbili, Aprili kwenye matope na Julai kwenye baridi. Kila safari kaa angalau wiki mbili, ufanye kazi yako halisi ukiwa ndani ya nyumba unayotaka kupanga, siyo hotelini, uone bando linakwendaje saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni. Beba cheti cha dawa cha kila mtu wa nyumbani uzunguke nacho maduka ya dawa. Chumba chako cha Dar usikirudishe miezi mitatu ya mwanzo, au mwachie ndugu. Samani kubwa ziache. Sisi tulipandisha kabati la milango mitatu, likafika na milango miwili.

Na kama unakuja kufanya biashara, nenda ukakae gulioni siku nzima, kuanzia lori la kwanza mpaka watu wanakunja maturubai. Usiuze kitu. Hesabu wangapi wamenunua kile unachotaka kuuza, wamelipa taslimu au wameandikwa kwenye daftari, na wamenunua nini badala yake. Mke wangu alikaa hivyo mara ya kwanza tukiwa tumeshalipia fremu miezi minne, akarudi jioni na karatasi ina mistari ya penseli: madaftari, viatu vya shule, soksi nyeupe, mashati ya shule. Kitenge kilikuwa na mistari miwili.

Kesho yake asubuhi alikwenda kununua jora la kitambaa cha bluu.